Maji ya Kabichi

Mtoto wa dada yangu alipokaribia kutimiza miaka sita, mama yake alikuwa amelala chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya mtaani Langas, na hospitali ilikuwa imeshatuambia turudi naye nyumbani. Ini lilikuwa limekwisha. Sisi watu wazima tulijua. Mtoto alijua tu kwamba mama ni mgonjwa na miguu yake imevimba.

"Mtoto haambiwi mambo kama hayo," mama yangu alisema. Nilibishana naye wiki nzima. Kwa nini asiambiwe? Tunamlinda yeye, au tunajilinda sisi? Mwishowe akaniuliza kama digrii ya kemia ndiyo ilinifundisha kupiga kelele karibu na mgonjwa.

Dada ndiye aliyetaka bathdei iwe ya sayansi. "Keki hata jirani anaweza kuoka," alisema. "Wewe mfanyie kile unachojua." Nilitaka kumuuliza kile ninachojua kimenifikisha wapi, zaidi ya kufundisha tuisheni kwenye sebule za watu. Badala yake nikaenda sokoni kutafuta kabichi ya zambarau.

Jumamosi mchana watoto saba wa nyumba za ploti yetu walivaa mashati meupe ya mtumba yaliyowafika magotini kama makoti ya maabara. Nilichemsha kabichi, nikachuja maji yake na kuyagawa katika vikombe. Ukiyakamulia limau, yanakuwa mekundu. Ukitia magadi, haya haya ya kupikia mboga ya mrenda, yanakuwa kijani. Hiyo ndiyo sayansi niliyoweza kumudu.

"Anti, hii ni dawa gani?" msichana wa nyumba ya pili aliniuliza.

"Si dawa. Ni maji ya kabichi."

"Kama si dawa, mbona inageuka?"

"Anti ni mganga," mwenzake akasema.

"Mganga wa digrii," jirani aliyekuwa akiandaa keki akadakia, na mama yangu akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Nikawaeleza habari za asidi. Nikawaambia wasiniamini kwa sababu mimi ni mkubwa. Wajaribu wenyewe, waangalie. Mtoto wetu hakucheka na wengine. Alikuwa akikamua limau tone kwa tone.

"Anti, mwalimu alisema dawa ni kemikali."

"Ni kweli."

"Na hii ni kemikali?"

"Kila kitu ni kemikali," nilisema. "Hata maji ya kunywa."

Nilijibu haraka, na nikajiona nimejibu vizuri.

Baada ya wimbo na keki, watoto walijaza mabeseni ili wammwagie maji, kama tunavyomfanyia kila mtu siku yake. Hawakumwona. Nikaingia ndani kumtafuta. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yake, shati limechafuka, kikombe mkononi.

"Nimemnywesha," alisema. "Amemaliza nusu."

Dada alikuwa na wekundu kwenye midomo. Alinitazama, na nikaelewa ananiomba nisimwambie mtoto.

"Itachukua muda gani?" mtoto aliuliza.

"Sijui."

Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, darasani, kanisani, mbele ya wazee walionitaka niseme naamini. Nililiona kuwa neno safi kuliko yote. Siku hiyo nilijua, na bado nikalisema.

Akabonyeza mguu wa mama yake kwa kidole gumba, kama alivyomwona muuguzi akifanya. Shimo likabaki. Akalitazama mpaka likajaa tena, polepole sana.

"Bado," alisema. Huko nje watoto walikuwa wameshaanza kumwagiana maji wao kwa wao.

Jumatatu alipotoka shule hakubadilisha hata yunifomu. Alimnywesha, akabonyeza, akahesabu kwa sauti ya chini mpaka shimo likajaa. Jumanne akafika thelathini. Jumatano akafika hamsini na kitu, akapoteza hesabu, akaanza upya. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kumwambia wakati wowote, na dada alikuwa akininyamazisha kwa macho, na sijui tena kama nilimtii yeye au niliogopa.

Alhamisi nilimkuta jikoni akimwaga maji ya kabichi yaliyobaki kwenye sinki. Aliosha kikombe, akakifudikiza juu ya meza.

"Unataka kuniuliza kitu?" nilimwambia.

"Hapana," alisema, akaenda kuvua viatu.