Figiri ya Kwenye Poti

Ua wetu pale Kihesa, Iringa, ulikuwa mwamba mtupu. Miaka ile ya sabini redio ilituhubiria kilimo asubuhi hadi jioni, lakini haikutuambia jembe tulipige wapi. Mama akachoka kusikiliza. Akajaza udongo na samadi na kupanda mboga kwenye kila kilichotoboka: madebe, sufuria, beseni, mpaka poti langu la utotoni, ambalo bibi ndiye aliyeninunulia nilipozaliwa.

Bibi huyo, mama yake baba, alikuja kututembelea kutoka Kalenga, akauona ua, akacheka mpaka akakaa chini. Kwake shamba ni shamba. Mboga za kwenye makopo aliziita mboga za wagonjwa. Mchana akala ugali na figiri, akaongeza, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho. Kisha akataka kujua figiri tamu hivyo imenunuliwa soko gani.

Mama akatazama dari. Mimi, na mdomo wangu usiotulia, nikampeleka uani nikamwonyesha ilikochumwa.

Bibi akalitazama poti, akanitazama mimi.

“Ulilikalia miaka yote ile,” akasema, “na hukuwahi kutoa kitu cha maana namna hii.”