Ukungu wa Darubini ya Mzee Ndung'u

Mume wangu Makokha ana kiburi, tena ni mimi ninayekilisha ugali kila siku: ati hakuna kioo kilichowahi kumshinda. Miwani, kamera, mashine za wapima mashamba, zote amezifufua kwenye kibanda chetu hapa Nakuru, yeye upande huu na koleo zake, mimi upande ule na cherehani. Babake alikuwa mtu wa reli, fundi wa saa za stesheni, akamwachia vifaa na ubishi. Mwambie kitu kimeshindikana, atakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Basi juzi akaja Ndegwa, mkulima wa viazi kutoka Dundori, mtu mzima mwenye mvi, amebeba darubini ya bunduki ndani ya soksi. Bunduki yenyewe polisi waliichukua babake alipofariki. Hii ikabaki nyumbani.

"Boss, iko na ukungu ndani," akamwambia Makokha. "Nataka kujua kama ni ukungu wa kweli."

Makokha akacheka. "Kwani kuna ukungu wa uongo?"

Ndegwa hakucheka. Akatueleza kwamba babake, Mzee Ndung'u, alimpiga risasi na kumuua mwanawe Muiruri, kakake Ndegwa, kwenye shamba la viazi, jioni, jua bado liko. Mzee aliapa kwa polisi kwamba alidhani ni nguruwe mwitu, kioo kilikuwa kimeingia ukungu. Wakachungulia, wakaona ukungu kweli, wakamwachilia. Lakini wiki hiyo baba na mwana walikuwa wamegombana vibaya juu ya shamba.

"Nilimpelekea mzee chai mpaka akafa, na kila nikimpa kikombe najiuliza," Ndegwa akasema. "Nimechoka, fundi. Muiruri hunijia ndotoni. Hasemi kitu, ananiangalia tu."

Nikaacha kushona.

Makokha akafungua skrubu. Zilikuwa zimechubuliwa na kisu. Kuna mtu aliyezifungua kabla yake. Akaingiza kijiti chenye pamba, kikatoka na kitu cha manjano kinachonata. Akaninusisha.

Mdomo wangu nao hauna breki. "Huu si ukungu," nikasema. "Ni nta! Sisi washonaji tunaipaka kwa uzi usikatike. Ona, hata kiuzi chekundu kimenasa."

Ndegwa akakichukua kwa ncha ya kidole. "Mama yangu alikuwa anashona yunifomu za shule," akasema. "Nyekundu."

Makokha, kwa mazoea tu ya kazi, akamaliza kufuta, akafunga, akamkabidhi. Ndegwa akaielekeza ng'ambo ya barabara, kwa mwanamke mmoja anayechoma mahindi.

"Naona vifungo vya blauzi yake," akasema. "Naona anatafuna." "Mzee alimwona. Alimwona Muiruri uso wake wote. Na mama akajua, akamfichia, akamzika mtoto wake, halafu akaendelea kumpikia mzee."

Mungu wangu! Nilimwazia yule mama, mwanawe bado hajazikwa, ameshika kisu na nta.

"Mathe wako bado yuko hai?" Makokha akauliza.

"Yuko, na macho yake yako sawa kuliko yangu. Alinikataza kuileta. Nikifika ataitoa kwa soksi achungulie." Akairudisha mezani. "Akiiona safi atajua kwamba najua, na huyo mama hatalala tena. Rudisha ukungu, fundi."

Nikangoja Makokha alipuke. Yeye, aharibu kioo? Hakulipuka. Alininyooshea mkono bila kunitazama, nikampa nta yangu. Akaipaka polepole, akafunga skrubu moja moja, akairudisha kwenye soksi.

"Mwambie mama," akasema, "ulimpelekea Makokha, na imemshinda."