Kidole cha Ti

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasese, magharibi mwa Uganda, miaka ya sitini, mkuu wa shule alinikabidhi boksi la chaki na uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga gotini kinakupa do. "Piano hatuna, Mwalimu," aliniambia. "Mikono unayo." Wala hakuwa akitania. Muziki wa sekondari tuliufundisha kwa solfa: ubaoni unaandika d, r, m, na nukta za kutenga mapigo, kisha mkono unaonyesha kila sauti. Do ni ngumi. Ti, sauti ya saba, ni kidole cha shahada kilichoelekezwa juu.

Miaka ya sabini nikahamishiwa Bwera, na huko ndiko nilikojifunza kuogopa. Ilisemekana wapiganaji wanaoipinga serikali wako milimani, mpaka wa Kongo uko pale pale, na mtu aliweza kuchukuliwa na askari kwa neno moja tu la jirani. Lakini wanafunzi walikuwa na mtihani, basi nilijaza ubao mzima herufi za solfa huku madirisha ya upande wa barabara yakiwa wazi.

Asubuhi moja wakaingia askari watatu. Mkubwa wao, waliyemwita afande, aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Hii iko barua ya siri. Wewe natuma kwa nani, kule mulima?"

Nikamwambia ni wimbo. Akaamuru Baluku, kiranja wa darasa, auimbe, naye akauimba vizuri. Kisha afande akataka mwanafunzi ambaye hajausikia. Masika ndiyo kwanza anarudi kutoka kisimani nilikomtuma.

"Huyu naimba. Ikitoka ingine, mwalimu napanda lori."

Kati ya wanafunzi wote, Masika! Mtoto mtiifu, lakini ti ilimshinda tangu kidato cha kwanza; kila mara aliiangusha, akaiimba chini ya mahali pake.

Alianza kuimba. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili, ti ikaanguka. Nami, kabla sijafikiri, mkono ukapanda wenyewe, kidole juu, kuelekea dirishani na milimani. Askari mmoja akakoki bunduki. Niliogopa kuushusha mkono kuliko kuuacha juu. Masika aliutazama mkono, hakuitazama bunduki. Akairudia ti, ikakaa mahali pake, akaumaliza wimbo kama Baluku alivyouimba.

Afande akacheka kidogo. "Mwalimu, wewe iko wazimu. Bunduki iko hapa, wewe nasahihisha mutoto." Akaufuta ubao kwa kiganja chake, wakaenda zao. Darasa zima lililia, na mimi nililia nalo.

Niliendelea kufundisha hadi kustaafu, nikifuta kila mstari mara tu ulipoimbwa. Walimu vijana huniuliza kwa nini siongozi kwaya ya kanisa, nami huwajibu kwamba nimezeeka. Anayeiongoza ni Masika, na waimbaji wake nao huiangusha ti. Wakifika hapo, naukalia mkono wangu wa kulia mpaka wimbo uishe.