Tamthilia za Kijapani nusura zinikoseshe mke: siku niliyoinama badala ya kusema shikamoo

Wakuu, habari za mchana. Shikamooni wale mnaostahili, na naomba hiyo shikamoo muipokee kwa mikono miwili, maana ndiyo iliyonitesa kwenye huu uzi.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu nazimaliza kimya kimya kama mgeni anayekula bila kusifia mboga. Leo nimeamua kuweka wangu. Yote yamenikuta mimi mwenyewe, nimebadili majina tu, maana mhusika mmoja ana simu janja na ana kisirani. Wale wa "hii chai", karibuni sana, njooni na vitafunwa.

Twende.

Nipo Iguguno, huku Mkalama. Nafanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Msimu ukipamba moto hata jasho langu linanuka mafuta. Msimu ukiisha mashine inalala, nabaki mimi, simu na bando.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye series za Kijapani.

Aliyeniingiza ni binti mmoja wa Singida mjini, tumwite Salma. Ana kibanda cha kuuza kava za simu na kuwawekea watu nyimbo na movie kwenye flash. Mimi nilikuwa mteja wake wa movie za ngumi. Siku hiyo akaniangalia, akaniambia, "Kaka, kila siku ngumi tu, huchoki? Ngoja leo nikupe kitu cha watu wazima."

Moyo ukapiga paa. Nyie acheni.

Nafika nyumbani, nachomeka flash, kumbe ni series ya mjane wa Kijapani aliyerithi duka la kufulia nguo. Episode ya kwanza hakuna aliyempiga mtu. Episode ya pili mteja kapoteza kifungo cha koti. Episode ya tatu bado wanakitafuta kifungo. Nikasema huyu dada kaniweza.

Episode ya nne nikajikuta nalia, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu ya kifungo.

Sasa kwa ambao hawajawahi kuziangalia, niwape sifa zake kidogo. Kwanza ni fupi. Episode kumi, kumi na moja, imeisha, nenda kalime. Siyo zile nyingine unaanza mtoto ananyonya, inaisha yuko form two.

Halafu wale watu wanakula kwa heshima. Mtu anapewa bakuli la wali na kipande cha samaki, anafumba macho kama kaletewa barua ya ajira. Mimi niliacha kula nikiwa nimesimama.

Na mapenzi yao sasa! Mwanaume na mwanamke wanatembea pamoja episode zote, hakuna kushikana mkono, hakuna nakupenda. Ya mwisho kabisa kaka anasema, "Baridi imeingia, vaa vizuri." Dada analia. Na mimi nalia. Na jirani yangu aliyekuja kuomba chumvi analia, wakati hata mwanzo hakuuona.

Tahadhari tu: usiangalie zile ambazo kuna DJ anatafsiri juu yake. Mjapani kanyamaza dakika nzima anaangalia dirisha, DJ anaona ukimya ni hasara, anapachika, "Sasa hapa mshikaji anawaza, huyu demu vipi mbona haeleweki." Salma alinikataza kabisa. Subtitles, basi.

Kilichonimaliza ni kuinama. Wale watu salamu yao ni mgongo. Anayekushukuru anainama kidogo, anayekuheshimu anakunjika kiunoni, na aliyekosa kosa kubwa anapiga magoti, viganja chini, paji la uso mpaka sakafuni. Kuna bosi wa kiwanda alifanya hivyo mbele ya vibarua wake. Nilisimama mwenyewe sebuleni kwa heshima.

Tukawa tunataniana na Salma. Nikifika kibandani ananiinamia, na mimi namwinamia. Nilikuwa narudisha flash ambazo hata sijazimaliza, ilimradi nimwone. Mwisho wa mchezo mnaujua: baba yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, akapeleka barua ya posa.

Baba yake Salma tumwite Mzee Salehe. Ana duka la vitambaa pale mjini, mtu wa msikitini, mtu wa watu. Barua akaipokea, ila akasema kabla hajaijibu anataka kumwona kijana. "Aje tu dukani, kama mteja."

Jumamosi saa nne asubuhi nipo mlangoni. Shati limepigwa pasi mpaka linakata. Mzee kakaa ndani na wenzake wawili, wanakunywa kahawa. Wote watatu wakaninyanyulia macho.

Wakuu, maneno yote yalinikimbia. Kichwani hakuna kitu, ila mgongo ulikuwa unakumbuka. Nikabana mikono mbavuni, nikakunjika kiunoni, nikakaa hivyo hivyo kimya nikihesabu moja, mbili, tatu kama kwenye series. Rohoni najiambia hapa nimetoa heshima ambayo hawajawahi kuipata.

Mzee mmoja akauliza, "Kadondosha nini huyu?"

Mwenzake akainama kunisaidia kutafuta.

Mzee Salehe akasema, "Kijana, mgongo unakusumbua?"

"Hapana mzee." Nikainama tena.

Shikamoo sikutoa. Naapa haikuja. Na mnaotoka huku mnajua, Singida unaweza kwenda kwa mtu mikono mitupu, na viatu vimecheka, ukapokelewa vizuri tu. Lakini umkute mzee usimpe shikamoo? Mtoto mwenye ndoo ya maji kichwani anaitoa, na maji hayamwagiki.

Mzee akaniangalia sana. Akasema, "Sawa. Nimekuona." Akachukua futi yake akaendelea kupima kitambaa.

Nikarudi Iguguno najisifu. Jioni Salma akapiga simu, analia na kucheka kwa wakati mmoja. Baba yake kasema barua itarudi Jumapili ya wiki ijayo, kijana hana salamu. Na akaongeza neno ambalo mpaka leo liko kifuani kwangu: "Mtu anayeshindwa kufungua mdomo kunisalimia mimi, siku akimkosea mwanangu atafungua huo mdomo kuomba msamaha?"

Barua ya posa kurudi siyo jambo dogo. Imekataliwa, kwisha, na baba mdogo ndiye angeipokea na aibu yake mbele ya ukoo. Mimi sikulala vizuri, chakula hakipiti. Nilimpenda yule binti, wakuu. Siyo utani.

Baba mdogo akasema tutafute wazee wawili, twende tukaombe radhi kwa utaratibu. Mimi kichwa maji nikasema, "Baba mdogo, niachie hili. Najua la kufanya." Nilikuwa nimebakiza silaha moja, ile ya bosi wa kiwanda.

Mnaona linapoelekea? Mimi sikuona.

Alhamisi baada ya alasiri tukabisha hodi nyumbani kwa Mzee Salehe. Ndiyo kwanza katoka msikitini, kavaa kanzu, kakaa kwenye kiti chake. Baba mdogo akawahi kutoa salamu za wote wawili. Kabla hata hajamaliza, mimi nikashuka. Magoti chini, viganja chini, paji la uso kwenye zulia.

Kwenye series hapo huwa kinapigwa kinanda taratibu.

Hapa nilisikia, "Astaghfirullahi! Inuka! Inuka haraka! Unanisujudia mimi?!"

Wakuu. Mimi ni Muislamu. Madrasa nimesoma, fimbo za ustadhi nimekula. Hilo paji naliweka chini kila siku na najua naliweka kwa nani. Na pale nilikuwa nimeliweka kwa muuza vitambaa, na kibla chenyewe nimekipa mgongo.

Mzee kashatoka kwenye kiti, anahamahama chumbani ili paji langu lisimwelekee. "Anataka kunitafutia dhambi ndani ya nyumba yangu! Jumamosi hanisalimii, leo ananiabudu! Huyu mtoto hana katikati?"

Baba mdogo kavua kofia, kajifunika nayo uso. Mimi huku chini nimeganda. Nikiinuka nitamwangalia nani?

Hapa nisimamishe kidogo, msinitukane. Lazima niwaambie kuhusu michezo yao ya jukwaani, la sivyo hamtaelewa kilichofuata.

Salma aliwahi kunipa moja iliyorekodiwa, inaitwa kabuki. Waigizaji wote wanaume, hata wa kike ni wanaume. Kuna babu alikuwa anaigiza binti wa miaka kumi na nane, mwanzo nilicheka, baada ya nusu saa nikawa namwonea huruma ataolewa na nani. Mambo yakifika pazuri wanagonga vipande vya mbao, pa! pa! pa!, mwigizaji anaganda, anatoa macho, na mtu huko nyuma kwa watazamaji anapaza sauti kutaja jina la ukoo wa mwigizaji. Kama kwenye ngoma zetu tu, mtu akiipatia unasikia "mtoto wa fulani huyo!"

Ila kuna mtu mmoja pale jukwaani kavaa nyeusi mwili mzima, uso kaziba. Anaingia katikati ya mchezo, anaondoa kigoda, anamshikisha mwigizaji kipepeo cha kujipepea, anamrekebishia nguo, anatoka. Ukumbi mzima unajifanya haujamwona. Mimi nilimuuliza Salma, "Huyu mwanga naye vipi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia huyo ndiye anayefanya mchezo uende, na adabu ya mtazamaji ni kutomwona.

Tuendelee.

Wakati mzee anahamahama, mlango wa uani ukafunguka. Akaingia shangazi yake Salma, dada wa Mzee Salehe, na baibui lake jeusi, na sinia la chai. Anatembea kama hakuna kitu. Hakuna aliyegeuza shingo. Akaweka sinia mezani, akausogeza mto wa kiti cha mzee ukae sawa, akapita kwangu, akanishika ukosi wa shati na kunivuta mpaka nikakaa kitako.

Akaninong'oneza, "Mdomo, mwanangu. Tumia mdomo."

Akatoka. Mpaka leo ukiuliza waliokuwepo, watakuambia shangazi alikuwa jikoni.

Nikabaki nimekaa kwenye zulia, machozi yananitoka. Ujapani wote umeisha.

"Shikamoo, baba."

Hakujibu.

Kama hujawahi kutoa shikamoo isijibiwe, omba yasikukute. Nilitaka kuondoka. Lakini nikasema mdomo umeshafunguka, acha umalize.

"Baba, nimekosa. Jumamosi nilikuja dukani nisikupe salamu. Sikukudharau. Nilikuogopa mpaka maneno yakanipotea, nikafanya ninachokionaga kwenye series. Na leo nimekosa zaidi, hilo nitatubu kwa Mungu. Wewe nakuomba msamaha kwa mdomo wangu. Nampenda Salma. Hata yeye mwenyewe sijawahi kumwambia, lakini nadhani kashasikia, maana hilo pazia linapumua."

Pazia likatulia ghafla.

Mzee akarudi kwenye kiti. Akakaa. Akavuta kikombe cha chai, akakoroga muda mrefu.

"Umesema uliniogopa?"

"Ndiyo, baba. Sana."

"Ungeniambia hivyo Jumamosi, ningekupa kiti na kahawa." Akakoroga tena. Halafu akaniangalia usoni.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu, wakuu! Baba mdogo alishusha pumzi nadhani ilisikika barabarani.

Barua haikurudi. Ikajibiwa.

Wakati tunaondoka, Salma akanifuata mpaka getini, kanuna. "Mimi nimekaa na wewe series zote hizo nasubiri neno moja," akasema, "wewe unaenda kumwambia baba kwanza?"

Nikamwambia palepale, kwa mdomo, baba mdogo kageukia ukuta. Alichonijibu hakiwahusu.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima unaweza ukawa nayo moyoni debe zima, lakini kama umempa mtu kwa namna asiyoijua, hujampa kitu. Wajapani hawana kosa, mgongo wao unaongea na wenzao wanauelewa. Sisi kwetu mdomo ndio unaobeba. Shikamoo, pole, samahani, nakupenda, yote yatamke. Usimwachie mtu kazi ya kukisia, maana atakisia vibaya.

Series bado tunaziangalia, mimi na mke wangu. Sasa hivi tuko kwa mzee mmoja anayetengeneza saa, kuna sindano imepotea.

Haya, na wewe uliyeiga kitu kwenye series kikakutokea puani, shuka hapo chini utupe chako, usione aibu, mimi nimeshaanza. Wenye series nzuri za Kijapani zenye subtitles tajeni. Na kama kuna mzee hapo karibu yako ambaye hujamsalimia leo, weka simu chini kwanza.