Hermila Azuara na Ubeti Uliogeuzwa

Hermila Azuara alianza kutunga nyimbo akiwa na miaka kumi na miwili, amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia mahindi. Kazi ilikuwa ndefu, mikono ilijua njia yenyewe, na mdomo ulikuwa hauna shughuli. Baba yake alipiga fidla kwenye sherehe zote za kijiji chao, Ojital, kwa hiyo mapigo alikuwa nayo tangu tumboni. Maneno ndiyo aliyaongeza mwenyewe.

Lakini kuimba mbele za watu ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake wa Huasteca, eneo lao huko mashariki mwa Meksiko, walipanda jukwaa la mbao kucheza, wakalidunda kwa visigino mpaka vumbi likatoka kwenye nyufa. Wimbo walimwachia mwanamume mwenye kofia. Hakuna aliyekuwa amelitungia sheria jambo hilo. Lilikuwa hivyo tu.

Akaolewa na Casto Meraz, mpiga gitaa mwenye sauti nzuri na haya nyingi. Casto hakuweza kutunga hata mstari mmoja. Hermila alimwimbia jikoni, naye akazibeba nyimbo zile akaenda kuziimba arusini na kwenye sikukuu ya Wafu. Watu walipomsifu, aliinamisha kofia na kutabasamu, nao wakadhani zote ni zake. Hermila hakujali. Alisimama nyuma ya wachezaji, akiyasikia maneno yake yakipanda juu kwa ile sauti nyembamba ya kike ambayo wanaume wa huko huivuta katikati ya mstari, na moyo wake ulijaa.

Mwaka 1968 alikuja bwana mmoja kutoka mji mkuu na mashine ya kurekodia iliyobebwa na punda. Alimkalisha Casto na wenzake wawili kivulini, akarekodi nyimbo nane. Hermila alisikiliza kutoka mlangoni, unga wa mahindi umemganda mpaka viwikoni.

"Tamu sana hizi," bwana yule alisema, akichukua kalamu. "Zimetungwa na nani?"

Casto alimtazama mkewe. Kisha akawatazama wenzake.

"Ah, ni za huku huku," alisema. "Za zamani."

Miaka miwili baadaye santuri ikafika kwa posta, na picha ya mlima kwenye jalada. Hermila aliigeuza, akasoma nyuma. Chini ya kila wimbo, mara nane, waliandika: mtunzi hajulikani.

"Casto."

"Naam."

"Huyu asiyejulikana, wewe unamfahamu?"

"Wangenicheka, Hermila. Mwanamume mzima naimba maneno ya mke wangu."

"Basi umesalimika," alisema Hermila. "Hakuna atakayekucheka."

Hakupiga kelele wala hakurudi kwao. Aliacha tu kutunga. Miaka saba jikoni kwake palisikika moto na visu peke yake. Kila Jumapili aliuza zacahuil sokoni, ule mkate mkubwa wa mahindi na nyama ya nguruwe unaookwa ndani ya majani ya mgomba, na watu walitoka vijiji vya mbali kuufuata. Casto aliendelea kuimba zile za zamani. Mara mojamoja alimtupia mkewe neno, "Hakuna kipya, mama?" naye akamjibu, "Kipya ni pilipili, imepanda bei."

Ndipo ikaja arusi ya binti wa jirani yao, Aprili ya mwaka 1977. Wapigaji waliitwa kutoka bondeni, wakiongozwa na mpiga fidla aitwaye Fidencio Lárraga, mtu wa maneno mengi na masharubu yaliyopakwa mafuta. Mchana, watu walipokwisha kula, Fidencio akaanzisha wimbo wa mwanamke aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa na maji. Ulikuwa wa Hermila. Aliutunga mwaka aliozaa mtoto wake wa kwanza. Alitulia kwenye kiti chake, akifurahi, mpaka ubeti wa mwisho.

Nakaa hapa milele,
kungoja utapofika.

Hermila akasimama. Baadaye alisema hata hakukumbuka kusimama. Aliona tu yuko mbele ya jukwaa.

"Siyo hivyo," alisema.

Fidla ikanyamaza. "Siyo hivyo nini, mama?"

"Huyo mwanamke hakai. Mmemkalisha nyie."

Watu wakacheka. Fidencio naye akacheka, bila ubaya. "Mama, wimbo huu ni wa mababu. Uko hata kwenye santuri."

"Mababu hao wana umri gani? Mimi nina arobaini na tatu."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. "Basi hata mahindi tunayokula umeyatunga wewe," mtu mmoja alisema kutoka meza ya nyuma. "Rudi kwenye zacahuil yako, Doña Hermila, huko hatukubishii." Hermila akahisi masikio yanawaka. Alikuwa ameanza kugeuka arudi kitini aliposikia kiti kingine kikisukumwa.

Alikuwa Casto. Alikuwa amevua kofia, kitu ambacho hakukifanya hata akiwa anakula, na upara wake ulionekana mweupe kama yai.

"Ni wake," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ni wake huo. Na zote mlizozisikia kwangu ni zake. Mimi sijatunga hata moja. Niliulizwa nikaona haya, nikamficha mke wangu kama mtu anayeficha sahani chafu. Kama mnataka kucheka, mnicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Bibi arusi akainuka. "Sasa huyo mwanamke alifanya nini?" aliuliza. "Tumalizieni wimbo, jamani."

Fidencio akashuka jukwaani, akampa Hermila mkono, akampandisha. Hermila aliimba kwa sauti iliyotetemeka mstari wa kwanza na kunyooka wa pili:

Mto umejaa tele,
daraja limeondoka,
sikai hapa milele
kungoja utapofika,
shali naifunga mbele,
kwa miguu ninavuka.

Wanawake ndio walioanza kudunda visigino.

Kesho yake Fidencio alibisha hodi kwa Hermila, hana utani tena. Alikuwa na rafiki kwenye kituo cha redio, akataka Hermila akarekodi. "Mimi sina sauti ya redio," Hermila alisema. "Unayo ya kumkatiza mtu arusini," Fidencio akamjibu, "hiyo ndiyo ngumu zaidi."

Walirekodi katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Hermila aliimba, Fidencio alipiga fidla, Casto gitaa. Siku ya kwanza Hermila aliharibu kila kitu kwa sababu alifumba mdomo kila alipoiona taa nyekundu ya kurekodia ikiwaka, mpaka Casto akaitundikia kofia yake. Jina la mtunzi liliandikwa kubwa kwenye santuri ile, na mbili zilizofuata. Jikoni nako nyimbo zilirudi. Za kwanza zilikuja kwa fujo, tatu kwa wiki, kama maji yaliyofunguliwa mfereji.

Kama Hermila alimsamehe Casto, na lini, hawakuwahi kukaa kulijadili. Walipiga pamoja miaka kumi na tisa zaidi, mpaka Casto alipofariki.

Hermila alipofika miaka sabini, sauti ya juu ilimkimbia. Asubuhi moja aliitafuta asiipate. Alihuzunika juma zima, kisha akamwomba Fidencio ashushe sauti ya fidla, akajifunza kuimba chini, kwa sauti nzito yenye kokoto ndani. Santuri ya nne aliirekodi hivyo. Siku hizi, kwenye sherehe za Ojital, wanawake watatu hupanda jukwaani na kuimba, kila mmoja na nyimbo zake, na Hermila huketi mstari wa mbele akiwasahihisha kwa sauti, hata pale wasipokosea.