Maikrofoni Niliyoiangusha Dukani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya elimu pale Bariadi, Mratibu wa Vielelezo alinikabidhi mashine ya kurekodi ya kanda, nzito kama debe la maji. Akasema, "Ndugu, hii ikiharibika, na wewe umeharibika." Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kitengo. Wenzangu walidhani wiki haitaisha kabla sijaomba kuhamia masjala. Sikuomba.

Tulirekodi ngoma na kwaya za shule, kanda zikapelekwa redioni Dar es Salaam. Nyie wa simu sikilizeni: mashine si hoja, hoja ni maikrofoni. Zilikuwa za aina mbili. Ile ya kondensa ilitaka betri yake yenyewe, ilinasa hata mtu akimeza mate, na vumbi la kiangazi liliinyamazisha. Ile ya koili, yenye waya mwembamba uliozungushwa karibu na sumaku, haikutaka betri. Masikio yake hayakuwa makali sana, lakini ilivumilia shida.

Afisa Utamaduni, bosi mpya kutoka Pwani, alituletea kondensa inayonasa pande zote, imelala kwenye kisanduku cha mahameli. Sasa, kwetu Usukumani ngoma hushindana kwa wakati mmoja. Makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja, na linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Shule nazo zilifuata hivyo hivyo. Mwaka ule shule moja ya Kasoli ilishinda, lakini kanda ikarudishwa kutoka redioni: kelele tupu, ngoma mbili zimevurugana. Watoto walikuwa wamekaa wiki nzima kando ya redio ya kijiji wakingoja kujisikia. Niliona aibu, kisha nikakasirika.

Mwaka uliofuata Afisa akaamuru shule zicheze moja moja.

"Ndugu Afisa," nikamwambia, "mcheza ngoma wa huku asipokuwa na mpinzani, analala. Tununue ya koili, inayosikia mbele tu."

"Kifaa rahisi kitaiaibisha wilaya. Wewe ni fundi, si mshauri."

Nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza redio mjini. Alikuwa nayo moja. Nikamwomba niiangushe.

"Binti yangu, una wazimu?"

"Ikivunjika nalipa, Mzee. Ikipona nanunua."

Niliiachia kutoka usawa wa kiuno, mara tatu, kwenye sakafu ya saruji. Nikautikisa waya pale unapoingia kwenye plagi, maana huko ndiko nyingi hufia. Nikaichomeka, nikasema moja, mbili, tatu. Ikaongea. Niliinunua kwa mshahara wangu. Bei ya ile ya mahameli ingetosha kununua kama hiyo nne.

Siku ya mashindano Kasoli walianza peke yao, kwa amri. Wakaimba kinyonge, na watu wakakaa kama wako msibani. Uvumilivu ukaniishia. Nikaiweka kondensa kwenye kisanduku chake, nikamwendea mwalimu wa shule pinzani: "Mwalimu, anzeni na nyie!"

Hakuuliza mara mbili. Ngoma zao zikalia, na Kasoli wakaamka. Nikajipenyeza katikati yao na ile ya koili, nimeifunga kitambaa cha pamba kuzuia vumbi, mgongo wake nimewapa wapinzani ili isiwasikie. Jembe la mchezaji mmoja, maana ngoma yao huchezwa na majembe mkononi, likaigonga. Ikaendelea kusikia. Afisa alikuwa akipiga kelele nizime mashine, nami nikajifanya kiziwi.

Kanda niliituma redioni mwenyewe, na ilipotangazwa nilikuwa Kasoli, kwenye ile redio ya kijiji. Sauti zilitoka safi, moja moja. Mama mmoja aliruka akashika kichwa: "Mayu wee! Ng'wanone, mwanangu! Huyo ni Mbula wangu!" Nililia, na sioni haya kusema.

Ofisini nikakuta barua ya onyo: nimekaidi amri, nimerekodi shule ya Kasoli kwa kifaa kisichoidhinishwa. Nikatakiwa kuomba radhi kwa maandishi. Nikakataa. Wakanihamishia Lagangabilili, enzi hizo porini hasa, baadaye Maswa, na kila bosi mpya alianza kwa kunisomea onyo lile.

Nilipostaafu, Afisa Utumishi, kijana mwenye adabu, alinifungulia faili. "Mama, hii barua nakutolea. Inakuchafulia."

"Iache hapo hapo," nikamwambia. "Miaka yote niliyotumikia serikali, hiyo ndiyo karatasi pekee iliyoandika kazi niliyoifanya."