Mihimili ya Mpale na Kona ya Mawe

Nilikwenda Mpale kwa sababu ya kuta za msikiti wa Kang'ata. Kuta zilikuwa zimesimama, za matofali mabichi, mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya, na paa hakuna. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Handeni. Mzee Mhina, msimamizi wa ujenzi, alikuja kulikodi pamoja na tela lake refu. Mihimili ya paa ilikuwa imekwisha kupasuliwa mlimani. Kazi ilikuwa kuileta kabla ya mvua, maana tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Nikaona ni safari ya kawaida tu. Laiti ningejua!

Handeni, alfajiri. Utingo wangu alikuwa na homa. Nikamwambia Mzee Mhina kwamba mlimani lazima awepo mtu wa kuweka kabari nyuma ya gurudumu.

"Nitashika mimi," akasema.

"Na kanzu hiyo, Mzee?"

"Kwani gurudumu linachagua nguo? Washa gari, mwanangu."

Njia nzima hadi Korogwe, vumbi puani na mkonge kushoto kulia, alinifundisha kuendesha. Punguza hapa. Mpigie honi kuku yule. Mtu mwenyewe hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli! Tulipovuka mto nilikuwa nimechoka kuliko injini.

Chini ya mlima, mchana. Njia za kwenda Mpale zilikuwa mbili. Ile fupi ilikwea moja kwa moja kwa kona kali. Ile ndefu ilizunguka mlima, pana na ya taratibu, lakini inakula siku. Pale zinapogawanyika palikuwa na kambi ya watengeneza barabara, na nyapara wao alikuwa Mnyamwezi aitwaye Maganga. Mzee Mhina ni Mzigua, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Basi, shughuli ikaanza.

"Karibu, mtumwa wangu!" Maganga akapaza sauti.

"Mtumwa ni wewe! Babu yako tulimnunua kwa kibaba cha chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga!"

Mimi baba yangu ni Mngoni aliyekuja Korogwe kukata mkonge, kwa hiyo nilimwamkia Maganga shikamoo yangu, nikakaa pembeni kusubiri wamalize kutukanana. Walipopumua nikamuuliza habari za njia.

"Kupanda na tela tupu, piteni hii fupi," akasema. "Kushuka na miti mirefu, zungukeni. Kona ya Mawe haitawapitisha."

Mzee Mhina akacheka mpaka akakohoa. "Unamsikia? Anataka tuzunguke mlima mzima ili apate la kutucheka mwaka mzima!"

"Mzee, mbona hacheki?"

"Uso wa Mnyamwezi ndivyo ulivyo. Twende."

Mpale, asubuhi ya pili. Wenyeji walitupokea kwa viazi na chai, wakatupakilia mihimili yetu. Mbao nzuri, ndefu, zimenyooka, zikatokeza nyuma ya tela kiasi kwamba mtu angeweza kuanikia nguo za kijiji. Nikamwambia Mzee tuzunguke. Akakataa. Nikamweleza kwamba tela tupu na tela lililobeba miti mirefu ni vitu viwili. Mbele ukikata kona, nyuma inafagia ukingo.

"Jana hatukupita?"

"Jana lilikuwa tupu!"

"Wewe na mtani wangu mmekula njama. Mvua inakuja, dereva! Siku moja hiyo ndiyo kuta zangu!"

Mbele ya wenyeji ningefanya nini? Nikaweka gia ya kwanza, nikashuka njia fupi huku nimekasirika hadi masikio yanawaka.

Kona ya Mawe. Kichwa cha lori kilikwisha kugeuka, tela likakataa. Ncha za mihimili ziligota kwenye ukingo wa mlima, na gurudumu la nje likasimama kwenye mdomo wa bonde. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Mzee Mhina alichomeka kabari, akaketi juu ya jiwe, kanzu nyeusi kwa grisi. Sasa ndiyo amenyamaza! Kutoka pale tuliiona nyika yote, na upande wa Handeni mvua ilikuwa inashuka.

Kabla sijapata hata la kulaani, tukasikia watu wanapanda. Maganga na kikosi chake, na kamba mabegani.

"Nilimwambia kweli, akacheka," aliniambia mimi, si Mzee. "Nikajua mtashuka huku."

Walishusha mihimili mmoja mmoja, wakaibeba mpaka chini ya kona, wakasukuma tela kwa mikono, kisha wakapakia upya. Mchana wote ukaishia hapo. Tungezunguka tungekuwa tumeshafika chini ya mlima.

Kang'ata, siku iliyofuata. Ukuta wa kibla ulikuwa umeanguka. Kuta nyingine zilisimama zimevimba kwa maji. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Korogwe, makali yote, lakini Mzee Mhina alichota tope la ule ukuta akalishika tu kiganjani, na mimi nikayaacha, nikaenda kulegeza kamba za mzigo.

"Fungua tela," akasema. "Rudi kwa Maganga. Mwambie hapa kuna msiba, na msiba unazikwa na watani."

"Atakutukana mbele ya watu wote, Mzee."

"Ndiyo haki yake. Kamlete."

Nikarudi na lori tupu, nikinung'unika kila shimo. Tangu hapo nikiulizia njia ya tela kwa mtu mwenye matani, namwacha atukane mpaka amalize, kisha namuuliza mara ya pili, na jibu hilo nalifuata hata mwenye mzigo apige kelele vipi.

Maganga alikuja na watu wake wamejaa nyuma ya lori. Kang'ata nzima ilijipanga kusikia matusi ya mwaka. Aliruka chini, akautazama ukuta, akamtazama Mzee Mhina aliyesimama ameinamisha kichwa kuyangoja. Akavua kofia.

"Pole, ndugu yangu," akasema.

Mzee Mhina, ambaye hakutoa chozi mlimani wala mbele ya lile tope, ndipo alipolia.